Jinsi ya Kukusanya Kumbukumbu za Mashabiki Kuhusu Wafungaji Mabao wa Zamani

Ukitaka kuandika jinsi mashabiki wakongwe wa Kisumu au Kakamega wanavyowakumbuka wafungaji mabao wa enzi zao, usianze kwa kuuliza nani alikuwa hodari kuliko wote. Nilifanya kosa hilo sokoni Kibuye: fundi mmoja wa baiskeli, shabiki wa Gor Mahia, na jirani yake wa AFC Leopards walibishana hadi kibanda kikajaa watu, na jioni nilipoisikiliza sauti niliyoirekodi kwa simu nilikuta kelele tupu. Siku hizi ninamhoji mzee mmoja kwa wakati mmoja, simu ikiwa mezani karibu na kikombe chake cha chai.

Swali la kwanza liwe hili: "Mzee, mechi hiyo uliitazama uwanjani au uliisikiliza redioni?" Wengi wanaosimulia chenga za Joe Kadenge, mshambuliaji wa zamani wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, ukiwadodosa kwa upole utagundua kwamba wanachokikumbuka hasa ni sauti ya Leonard Mambo Mbotela akitangaza "Kadenge na mpira". Kumbukumbu ya redio ina utamu wake, nami siidharau hata kidogo, ila iandikwe hivyo hivyo kuwa ni ya redio. Aliyekuwepo uwanjani hukueleza mambo mengine kabisa: alikaa upande gani, mvua ilianza lini, bao lilifungwa kwa mguu upi. Niliporudi kwa yule fundi wa Kibuye, hakunisimulia bao alilolipenda kwa maneno. Alizipanga nati tatu sakafuni kama mabeki, akaipitisha ya nne katikati yao kwa kidole, kisha akanitazama kuona kama nimeelewa. Omba ruhusa upige picha ya kitu kama hicho, kwa sababu hakinasiki kwa sauti.

Baada ya hapo linganisha masimulizi na kumbukumbu zilizoandikwa. Jina la klabu husaidia kukadiria miaka, kwa kuwa AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, ingawa wapo wazee ambao hawajaliacha jina hilo mpaka leo. Fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ya mwaka 1987 ni kipimo kizuri zaidi: shabiki anayekuapia kwamba Gor Mahia, timu ya akina Peter Dawo, iliishinda Espérance jijini Nairobi amesukumwa na furaha, kwani timu hizo zilitoka sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, na kombe likabaki Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Usimkatize wala kumsahihisha papo hapo, maana atanyamaza. Mrudie baadaye na nakala ya gazeti la wakati huo, umsomee polepole, na akishikilia kauli yake, andika kauli zote mbili bega kwa bega, ya kwake ikitangulia.