Usiniulize i7, niambie unaifanyia kazi gani

Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda Kariakoo mwaka wa kumi na moja sasa. Mteja akifika na kusema, "Fundi, nitafutie i7," yaani laptopu yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel iitwayo i7, namvutia kiti kwanza, maana najua kuna mtu kamjaza maneno.

Juzi kati alikuja mama mmoja, mkoba wa laptopu mpya kabisa begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaiweka mashine mezani. Kamnunulia mwanawe anayeanza chuo, laki tano na nusu, stika ya i7 inang'aa. Nikaiwasha. Tukaongea habari za mvua, tukaongea bei ya mchele, yale madoa ya Windows bado yanazunguka tu. Ilipofunguka nikaangalia prosesa: i7-3520M, toleo la mwaka 2012. "Si waliniambia i7 ndiyo kubwa?" Kubwa kweli, mama, ila ya enzi hizo.

Kwa hiyo ukishika mashine ya Intel, iache hiyo i5 au i7, soma kinachofuata baada ya kistari, tarakimu ya kwanza au mbili za mwanzo ndizo kizazi. i7-3520M ni kizazi cha tatu. i5-8350U ni cha nane. i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Mashine nyembamba za ofisini, zile zenye U mwishoni, zilikuwa na viini viwili tu vya kufanyia kazi mpaka kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilipoingia mwaka 2017 i5 zikapewa vinne. Ndiyo maana i5 ya kizazi cha nane inaiacha mbali ile i7 ya mama. Isitoshe, Windows 11 kwa kawaida inaanzia hapohapo kizazi cha nane, na muda rasmi wa Windows 10 kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa niambie kazi yako.

Ukiwa mwanafunzi, mwalimu, mtunza hesabu wa kikoba, mtu wa kuandika, kusoma PDF na kuingia kwenye vikao vya Zoom, chukua i5 ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) 256GB. Ukiambiwa ina diski ya 500GB, uliza kama ni SSD au ni ile ya kuzunguka. Ya kuzunguka inajaza picha nyingi, lakini utachemsha chai kabla haijawaka. Ndugu zangu wakinipigia simu nawatajia tatu tu: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Ni mashine za maofisini, zilinunuliwa kwa wingi huko nje, sasa zinakuja kwa mtumba, na vipuri vyake havisumbui. Unafungua skrubu chini, unaongeza RAM, unafunga. Mimi moyo wangu uko kwa T480, kwa sababu nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Ila angalia isiwe T480s. Hiyo s inamaanisha nyembamba, na sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi.

Wewe unayehariri video za harusi na kitchen party, hizo tatu zitakulilia. Tafuta prosesa yenye H mwishoni, RAM 16GB na kadi yake ya picha, ukijua kabisa kwamba chaja ni nzito kama tofali na betri haikufikishi mbali. Panga kukaa karibu na soketi.

Na mpya ya bei ya chini je? Boksi zuri, harufu nzuri, ndani Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, RAM 4GB na 64GB za kuhifadhia, vyote vimechomelewa. Windows ikisasishwa mara mbili tatu nafasi imekwisha, nami sina cha kukuongezea. Hapo naona bora mtumba.

Ukifika dukani, na winga (dalali wa mtaani) akikufikisha ujue cha juu chake kimo kwenye bei, usitoe hela kabla ya kukagua. Anza na betri. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha lilipo faili. Lifungue, tafuta DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 27,000, betri imebaki nusu na kidogo, basi bei nayo ishuke, au wakuwekee nyingine mbele ya macho yako.

Kisha izime, iwashe, na papo hapo gonga F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, uingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, rudisha. Ukipata nafasi, omba ifutwe yote na kuwekewa Windows upya mbele yako, ukiwa umeiunganisha na intaneti ya simu yako. Mashine iliyosajiliwa na kampuni yake ya zamani mara nyingi hujitaja hapo: inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua. Hiyo hata mimi huwa siigusi.

Kibodi, fungua Notepad, bonyeza kila herufi. Zilizotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana mahali, za Ufaransa A iko penye Q. Stika za juu zinadanganya macho, vidole havidanganyiki. Kioo, weka picha nyeupe tupu utafute madoa. Fungua na ufunge mfuniko taratibu, ukisikia mlio kwenye bawaba uache. Ichomeke chaja utakayopewa, siyo ya dukani kwao, uone kama inachaji.

Risiti iandikwe namba ya mashine, ile ndefu iliyo chini kwenye stika, na siku za dhamana. Soma namba kwa sauti, muuzaji aandike.