Namna ya Kulinda Ajira Yako Unapougua Ugonjwa Sugu wa Utumbo

Mwenye vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa njia ya chakula, anaweza kufika kazini saa mbili asubuhi akiwa mzima machoni pa watu, na ikifika saa nne amekwishakwenda chooni mara sita, anatokwa na damu na nguvu zimemwishia. Mimi nilikuwa keshia: kabla ya kuinuka nilipaswa kuhesabu fedha, kufunga droo na kumwita mwenzangu ashike dirisha, na dakika hizo chache utumbo haukuzisubiri. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuomba ni ruhusa ya kudumu ya kutoka bila kuomba kila mara.

Hakikisha kwanza ugonjwa umetambuliwa sawasawa. Wagonjwa wengi hutibiwa amiba kwa miezi kadhaa, na ugonjwa wa Crohn hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, hivyo usikubali dawa za kubahatisha bila kupimwa utumbo kwa kamera na kuchukuliwa kinyama cha kupeleka maabara. Kisha mwombe daktari aandike barua fupi inayoeleza kwamba ugonjwa ni wa kudumu, hutulia na kuamka, na hauambukizi. Neno hilo la mwisho lisikosekane, maana minong'ono huanzia kwa wanaotumia choo kimoja nawe.

Mwendee msimamizi siku ambayo hali imetulia. Hulazimiki kumsimulia ya tumboni. Mweleze yanayogusa kazi, kama vile kukaa karibu na mlango au kuingia zamu ya mchana ikiwa asubuhi ndiyo hukutesa. Mtakayokubaliana yaandikwe, nawe ubaki na nakala. Msimamizi wangu wa kwanza alinikubalia kwa mdomo, akahamishwa, na aliyemfuata akaniandikia barua ya onyo kwa kuacha dirisha.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Kwa kuwa ugonjwa huu humega siku tatu hapa na tano pale, ziandike zote katika daftari lako, usitegemee kumbukumbu za ofisi. Ukiachishwa kazi isivyo haki, fikisha shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Usishinde na njaa ili kukwepa choo, wala usiache ghafla prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu umepata nafuu. Uchovu usioisha upimiwe wingi wa damu. Katika mkoba weka nguo ya ndani, khanga, sabuni, chupa ya maji, na sarafu za choo cha kulipia cha stendi, kwa kuwa safari ya kwenda kazini nayo ni sehemu ya kazi.