Kabla ya kupeleka timu ya wavu Dodoma

Vyeti vya kuzaliwa, picha na fomu zenye mhuri wa shule viweke kwenye bahasha moja na uibebe mwenyewe. Kila mchezaji awe na blanketi lake: watoto watalala darasani, na usiku wa Juni Dodoma una baridi kali. Pampu, pamoja na sindano yake. Wavu wa mazoezi upime katikati, si pembeni: mita 2.24 kwa wasichana, 2.43 kwa wavulana.

Halafu upepo. Hapa naomba unisikilize.

Nilikuja na wasichana kutoka Mpwapwa. Uwanja wetu umekingwa na madarasa upande mmoja na miarobaini upande wa pili. Mpira ukirushwa juu unarudi palepale mkononi. Dodoma tukapangiwa saa tisa alasiri, uwanja wa wazi, vumbi linapita chini ya wavu. Binti wetu hodari wa sevisi, yaani mpigo wa kuanzisha mchezo, akaurusha mpira juu sana, kama nilivyomfundisha. Upepo ukauvuta nyuma ya kichwa chake. Akarudi hatua mbili, akaona hataupata vizuri, akaudaka ili aurushe upya. Filimbi. Pointi kwa wapinzani. Akanigeukia, mpira kaukumbatia kifuani: “Mwalimu, mbona sijaupiga?”

Sikuwahi kumwambia kwamba ukisharusha umerusha, hakuna kurudia. Kosa langu mimi, na aliyelia hadi kwenye gari ni yeye.

Basi wiki mbili za mwisho wahamishie mazoezi uwanja wa wazi, alasiri. Mpira wa sevisi urushwe chini, upigwe haraka. Refa akipuliza, mchezaji ana sekunde 8, na kudundisha mpira kunaruhusiwa; adundishe huku akisubiri upepo utulie. Seta, yule anayewainulia wenzake mpira waupige, aache mipira mirefu ya pembeni. Nahodha amwage vumbi kidogo kiganjani kabla ya kurusha shilingi, aone linakoelekea, maana akishinda anaweza kuchagua upande badala ya sevisi. Seti ya mwisho mnabadilishana upande timu moja ikifika pointi 8, kwa hiyo asichague akidhani upepo utakuwa wake mpaka mwisho.

Mengine unayajua. Miiba ya migunga iokotwe kabla hamjapasha misuli. Chakula cha barabarani siku ya mechi, hapana. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani. Na kila mnapopanda gari wahesabu watoto kwa majina, hata kama dereva anapiga honi.