Kuku wa Kuchoma Asiyekauka: Chumvi Mapema, Sosi Mwishoni

Kuku akishakaukia motoni, hakuna sosi itakayomwokoa. Sosi hukaa juu ya ngozi. Haipenyi ndani ikarudisha maji yaliyokwisha kutoka. Ulaini wa kuku unategemea zaidi chumvi uliyompaka kabla na joto alilofikia ndani ulipomtoa jikoni. Ndiyo maana katika mwongozo huu sosi, ambayo watu huiulizia kwanza, inaingia karibu na mwisho. Vipimo ni vya kuku mmoja wa kilo 1.5 hivi, anayetosha watu wanne.

Hatua ya 1: Kata vipande vikubwa

Tumia kuku mchanga. Kuku mzee ana misuli iliyokomaa inayotaka kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu, na moto mkavu utamfanya mgumu zaidi. Mkate mapaja, miguu, mabawa na kidari nusu mbili, vyote vikiwa na mifupa na ngozi. Ngozi huikinga nyama na moto, na mafuta yake huyeyuka taratibu juu ya kipande chenyewe. Ukiwa na nafasi ya kuchagua na ndiyo mara yako ya kwanza, chukua mapaja peke yake. Yana mafuta mengi kuliko kidari, na hata ukichelewa dakika tano hayakuadhibu.

Kuku mbichi usimwoshe bombani. Maji yanayoruka hutapanya bakteria kama salmonela kwenye sinki, vyombo na mikono, na kinachowaua ni moto, si maji. Mfute tu kwa karatasi ya jikoni mpaka ngozi iwe kavu.

Hatua ya 2: Mtie chumvi mapema

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Pima gramu 10 hadi 12 za chumvi kwa kila kilo ya kuku. Kwa kuku wetu ni kama kijiko kimoja cha mezani cha chumvi laini, kisichojaa sana. Nyunyiza kila upande, na penye ngozi inayolegea ingiza vidole chini yake upake chumvi kwenye nyama yenyewe.

Baada ya muda mfupi utaona ngozi inatoka jasho. Usiogope wala usilifute jasho hilo. Chumvi imevuta maji ya juu, imeyeyuka ndani yake, na sasa yale maji yataanza kurudi ndani yakiibeba chumvi. Ikifika kwenye misuli hulegeza protini zake, na protini zilizolegea hushikilia maji zinapopata moto badala ya kuyakamua nje kama kitambaa kinachosongwa. Jambo hili linahitaji muda: saa 4 zinafaa, usiku kucha ni bora zaidi. Panga vipande kwenye trei, uviweke kwenye rafu ya chini kabisa ya friji, visije vikadondoshea vyakula vingine, na usivifunike. Hewa baridi itaikausha ngozi, na ngozi kavu ndiyo inayokuja kukauka vizuri na kulia kidogo mdomoni.

Limau na siki nisingependa uziweke hapa. Kuku akilala muda mrefu kwenye uchachu, nyama ya juu hulegea na kuwa kama unga uliolowa, na ndani hakuna kilichofika. Uchachu utaupata kwenye sosi.

Hatua ya 3: Pika sosi

Kaanga nusu kitunguu maji kilichokunwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, moto mdogo, mpaka kilainike bila kubadilika rangi. Tia punje 3 za kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kimoja cha chai cha paprika na nusu kijiko cha pilipili manga. Koroga nusu dakika tu mpaka harufu ipande. Kisha mimina kikombe kimoja cha sosi ya nyanya ya chupa, vijiko 4 vya mezani vya siki, vijiko 3 vya sukari ya kahawia na kijiko kimoja cha chai cha haradali. Anayependa pilipili ya kuwasha aitie sasa.

Iache itokote taratibu kwa dakika 15, ukikoroga hadi chini ili sukari isishike sufuria. Chovya kijiko, kigeuze, kisha pitisha kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila sosi kuirudia, imeiva. Onja mwisho ndipo uongeze chumvi, kwa sababu sosi ya chupa huja na chumvi yake na kuku naye ana yake. Sosi ikikuvuta koo kwa siki, iache ipoe kwanza kabla ya kuihukumu. Ukali ule hupungua.

Igawe kwenye bakuli mbili. Moja ni ya kupaka motoni, nyingine ya mezani. Brashi iliyogusa kuku asiyeiva isiingie kwenye bakuli ya mezani hata mara moja.

Hatua ya 4: Gawa moto

Washa mkaa nje, mahali penye hewa. Ndani ya nyumba kamwe: mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Subiri mpaka makaa yashike majivu meupe juu, kisha yasukume yote upande mmoja wa jiko. Upande wa pili uache mtupu. Sasa una jiko lenye pande mbili, moja ya kubabua na nyingine ya kuivisha. Kama unatumia gesi, washa upande mmoja tu.

Weka kiganja sentimita 10 hivi juu ya wavu, upande wa makaa. Ukivumilia sekunde 4 au 5 moto ni wa wastani, na huo ndio tunaoutaka. Ukiondoa mkono kwa sekunde 2, ngoja kidogo. Paka wavu mafuta kwa kitambaa ulichokishika kwa koleo.

Hatua ya 5: Ivisha upande usio na makaa

Panga vipande upande mtupu, ngozi ikitazama juu. Mapaja na miguu yakae karibu na makaa, kidari kikae mbali kabisa. Funika jiko, matundu ya hewa yakiwa wazi. Jiko lisilo na mfuniko unaweza kufunika vipande kwa sufuria pana ya chuma au trei ya foili iliyogeuzwa. Muhimu joto lizunguke.

Mafuta ya kuku yakidondokea makaa hulipuka ndimi za moto, nazo huacha masizi machungu kwenye ngozi. Upande huu hayana pa kuwakia. Geuza mara moja katikati ya muda, usitoboe kwa uma, na usifunue kila dakika, maana kila ukifunua joto linakimbia.

Mabawa na kidari huchukua kama dakika 25 hadi 35, mapaja 35 hadi 45. Lakini dakika ni makadirio tu; jiko lako na ukubwa wa vipande ndivyo vinavyoamua. Kipimajoto cha nyama ndicho chombo ninachomsihi kila mpishi wa kuku anunue. Kichomeke penye unene, kisiguse mfupa. Kuku ni salama akifika sentigredi 74. Kidari kitoe hapo hapo, kwa sababu kila nyuzi inayozidi ni maji yanayotoka. Mapaja yaache yafike 80 hadi 85; katika joto hilo kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazoishikanisha nyama, huyeyuka na kuwa ute, na nyama inakuwa laini kuliko ingekuwa kwenye 74. Ukivitoa vyote kwa wakati mmoja, lazima kimoja kiharibike.

Bila kipimajoto, pasua kidogo mpaka kwenye mfupa. Nyama isiwe na mng'ao wa ubichi wala kuvutika kama mpira, na mfupa wa mguu ukiuzungusha uzunguke kwa urahisi. Rangi peke yake hudanganya: kuku mchanga huweza kubaki na wekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva kabisa.

Hatua ya 6: Paka sosi

Anza kidari kikiwa kwenye sentigredi 65 hivi na mapaja kwenye 75, yaani zikiwa zimebaki kama dakika 10. Ukianza mapema, sukari iliyomo itaungua na kuwa nyeusi kabla nyama haijaiva. Paka safu nyembamba, funika dakika 3, paka tena, funika, kisha ya tatu. Safu tatu nyembamba hushika na kung'aa. Safu moja nene huteleza yote kwenye majivu.

Mwishoni kabisa hamishia kila kipande juu ya makaa, nusu dakika hadi dakika moja kila upande, ukiwa umesimama hapo hapo na koleo mkononi. Sosi itaanza kutoa vipovu vidogo, kingo zake zitakuwa kahawia iliyoiva. Kipovu kikianza kuwa cheusi, toa.

Kwa oveni: sentigredi 200, vipande juu ya wavu uliowekwa kwenye trei, dakika 35 hadi 45 ukipima joto vile vile. Sosi dakika 10 za mwisho, kisha washa moto wa upande wa juu wa oveni kwa dakika 2.

Hatua ya 7: Mpumzishe

Dakika 5 hadi 10 kwenye sahani safi, si ile iliyobeba kuku mbichi. Usimfunike kwa kumbana, mvuke utailainisha ngozi uliyoihangaikia. Mpe sosi ya mezani pembeni, anayetaka ajimiminie.

Akibaki, aingie friji ndani ya saa 2, na aliwe ndani ya siku 3 au 4. Paja la jana lipashe kwenye sufuria iliyofunikwa, moto mdogo, na vijiko viwili vya maji, mpaka liwe moto hadi kwenye mfupa. Kidari mimi sikipashi: nakikata vipande vyembamba kikiwa baridi, nakichanganya na ile sosi iliyobaki kwenye bakuli ya mezani.