Farasi na punda hupumua kwa pua tu: namna ya kuilinda njia yao ya hewa

Kabla hujamfunga punda kamba ya usoni, weka kidole kati ya macho yake, ukiteremshe taratibu kuelekea puani. Utahisi mfupa mgumu, halafu kidole kitabonyea kwenye nyama laini na gegedu, juu kidogo ya matundu ya pua. Hapo mfupa umekwisha. Kamba ikikaza hapo unamkaba pumzi. Kwenye njia za Kapchorwa na Bukwo, mashariki mwa Uganda, punda wanapopanda mlima na magunia mgongoni, nimeiona kamba ya namna hiyo mara nyingi, na mwenye punda anachapa fimbo akidhani mnyama ni mvivu. Ipandishe kamba ikae juu ya mfupa, vidole viwili vipite chini yake.

Ng'ombe au mbwa akizidiwa hufungua mdomo akahema. Farasi na punda hawawezi. Kaakaa lao laini ni refu, limeshuka hadi chini ya kidakatonge, kile kifuniko cha koromeo, likafunga njia ya hewa kati ya kinywa na koo. Huachia wakati wa kumeza tu. Kwa hiyo pua ikiziba hakuna mlango wa pili, na kamasi ambalo kwa mbuzi ungelipuuza, kwa farasi ulifuatilie siku hiyo hiyo.

Angalia kwanza kamasi linatoka tundu moja au yote mawili. Pembeni mwa pua, ndani ya mifupa ya uso, kuna mapango ya hewa, na mizizi ya magego ya juu ya nyuma imeingia humo. Usaha wa upande mmoja wenye uvundo mara nyingi ni jino bovu. Mnyama wa namna hii huchomwa sindano wiki hii na wiki ijayo, usaha unakauka, kisha unarudi, kwa sababu jino bado limo. Mwombe daktari amfungue kinywa.

Usaha wa pande zote mbili mara nyingi umetoka nyuma zaidi. Nyuma ya taya, chini ya masikio, kuna mifuko miwili ya hewa ambayo ng'ombe na mbuzi hawana. Kwa farasi mkubwa kila mmoja huchukua karibu nusu lita. Ukutani mwake umepita mshipa wa damu uendao kwenye ubongo, pamoja na neva za kumeza. Kuvu ikiota humo huutoboa mshipa, na damu hutoka puani wakati mnyama amesimama tu. Ikikatika yenyewe usitulie: ya pili huweza kumuua. Mwite daktari siku ileile.

Mifuko hiyo ndiyo maficho ya ugonjwa wa majipu ya koo, uletwao na bakteria aitwaye Streptococcus equi. Mnyama hupata homa, huacha kula, hunyoosha shingo, kisha tezi za chini ya taya huvimba na kupasuka usaha. Akipona unaweza kudhani mambo yamekwisha, kumbe wanyama wachache hubaki na usaha mfukoni, wazima wa kutazama, wakiambukiza wenzao kwa miezi, hata miaka. Huenea kwa kugusana pua, kwa ndoo moja ya maji, kwa hatamu na kwa mikono ya mhudumu.

Hapo kipimajoto ni mali. Homa hutangulia usaha kwa siku mbili au tatu, kabla mnyama hajaanza kuambukiza. Mgeni yeyote, awe ametoka sokoni au kwa ndugu yako, akae peke yake wiki tatu na ndoo yake, apimwe asubuhi na jioni. Farasi mzima ana nyuzi 37.5 hadi 38.5, punda huwa chini kidogo, karibu 37. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Jipu likande kwa kitambaa cha maji ya moto, mnyama apewe chakula laini kilicholoweshwa, lakini kulipasua na kuamua antibiotiki mwachie daktari.

Mlishe chini. Akiinamisha kichwa, makamasi na vumbi hutiririka nje. Hori la juu humnyima nafasi hiyo. Kwenye lori ni vivyo hivyo: aliyefungwa kichwa juu tangu Kampala hadi Moroto huweza kushuka na ugonjwa wa mapafu, basi simama njiani umwachie ainamishe. Nyasi kavu zenye vumbi ziloweshe, na umtoe bandani kabla ya kufagia. Dawa usimmiminie puani kamwe.

Povu jeupe jingi puani, homa, na uvimbe juu ya macho kwa farasi ni dalili za ugonjwa wa farasi wa Afrika, uenezwao na usubi wa usiku. Huua haraka sana. Waingize farasi bandani kabla jua halijazama.

Ukimpigia simu daktari wa mifugo wa wilaya, mwambie: tundu moja au mawili, rangi na harufu ya kamasi, joto la jana na la leo, na nani wengine wamekunywa kwenye ndoo ileile.