Shotigani inayokwama: anza na masizi, usianze na kekee

Jumamosi moja ya Januari, vumbi jekundu likiwa limetukaa hadi kwenye kope, dada mmoja tunayelenga naye shabaha alitoka kwenye mstari akanijia, bolti imefunguliwa, mdomo wa bunduki umetazama juu. "Fundi, hii imenichosha. Ya kwanza inalia, ya pili haipandi." Kuna mtu alikuwa ameshamshauri apanue tundu la gesi. Nikamwambia, "Dada, kekee iache kwanza. Nipe nusu saa, kitambaa na mswaki wa zamani."

Ushauri huo wa kekee nausikia kila mwaka, na nimeona unavyoharibu bunduki nzuri. Shotigani nyingi za gesi, yaani zile zinazojipakia risasi zenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti, zilizopita mikononi mwangu hapa Nairobi zilikwamishwa na uchafu, oili iliyoganda au risasi dhaifu. Chuma chenyewe kilikuwa kizima.

Tangu uwindaji wa wanyama upigwe marufuku Kenya mwaka 1977, wengi wetu tunazitumia bunduki hizi kwa sahani za udongo zinazorushwa hewani kama shabaha. Ninachoeleza hapa ni usafi na ukaguzi, kazi ambayo mwenye cheti cha silaha anaifanya mezani kwake. Kutoboa, kuchomelea au kukarabati ni kazi ya fundi au muuzaji aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Fundi wa jua kali usimpelekee, hata awe stadi namna gani.

Kwanza, ifahamu safari ya gesi

Ukifyatua, baruti inawaka na kuyasukuma marisau mtutuni. Kabla hayajatoka mdomoni, sehemu ndogo ya gesi inachepuka kupitia tundu moja au mawili yaliyo chini ya mtutu, inaingia kwenye silinda na kuipiga pistoni iliyovaa bomba la magazini. Pistoni inasukuma mkono wa chuma, mkono unairudisha bolti nyuma, ukucha wa bolti unalivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, kisha kitemeo kinalirusha nje. Bolti ikifika mwisho, springi inairudisha mbele ikiwa na risasi mpya iliyoinuliwa na lifti.

Kuna mizani hapo. Upande mmoja ni nguvu ya gesi, upande wa pili ni uzito wa bolti, springi na msuguano. Masizi yanaharibu pande zote mbili kwa pamoja: yanaziba tundu, gesi ikapungua, na yanaganda kwenye bomba, msuguano ukazidi. Ndiyo maana bunduki iliyokwenda vizuri vikasha kumi vya risasi inaanza kusumbua katikati ya kikasha cha kumi na moja, na mwenyewe anaapa kwamba hajabadilisha chochote.

Nimesikia pia watu wakilaumu mwinuko wa Nairobi, eti hewa ni nyepesi. Hebu tuangalie hesabu. Risasi ya kawaida ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye urefu wa milimita 70 inaruhusiwa kufikia shinikizo la wastani la baa 740 ndani ya chemba; baa ni kipimo cha shinikizo. Hewa ya pwani ni kama baa 1, ya hapa Nairobi ni kama baa 0.83. Tofauti hiyo haiwezi kuigusa pistoni. Baridi ya asubuhi ya Julai ndiyo ya kuangalia, kwa sababu inafanya oili nzito iwe nzito zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha bunduki haina kitu

Elekeza mdomo mahali salama, weka kifungio cha usalama, toa risasi zote za magazini, vuta bolti nyuma ibaki hapo. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uiguse. Tazama lifti na mdomo wa magazini pia, kwa sababu risasi hupenda kujificha hapo. Risasi zihamishie chumba kingine kabisa. Ukiitwa mlangoni ukaiacha bunduki dakika mbili, ukirudi anza ukaguzi upya.

Hatua ya 2: Lisome ganda kabla hujafungua chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayokuokolea muda. Bunduki ikikwama, usiivute haraka haraka kwa aibu kwa sababu wenzako wanasubiri. Mdomo ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha na kidole kiko nje ya triga, tazama dirisha la kutolea maganda.

Ganda tupu limetoka lakini limebanwa dirishani na bolti? Bolti haikurudi kwa kasi ya kutosha, au kitemeo kimechoka. Ganda limeruka vizuri ila risasi mpya haikupanda? Mara nyingi bolti haikufika mwisho wa safari yake. Mara chache ni springi ya magazini au lifti yenye uchafu. Ganda limebaki ndani ya chemba ilhali bolti imerudi nyuma? Hapo gesi haina kosa, tazama ukucha na chemba. Bolti imekuja mbele lakini haikufunga kabisa? Springi ya kurudisha imelegea, au chemba ni chafu.

Chunguza pia maganda yanaangukia wapi. Yakidondoka karibu na kiatu chako, gesi ni haba. Yakirushwa mbali sana na unasikia bolti ikigonga nyuma kwa kishindo, gesi imezidi au springi imechoka, na hiyo ni hatari kwa bunduki kuliko kukwama.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulipite mbio. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, acha kufyatua papo hapo. Kizibo cha plastiki kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa risasi zote, kisha uchungulie mtutu kutoka upande wa chemba. Na ukifyatua isilie kabisa, shikilia mdomo kwenye shabaha kwa nusu dakika hadi dakika nzima kabla ya kufungua.

Hatua ya 3: Kagua risasi zako

Soma kikasha. Bunduki nyingi za gesi zinazotumika kwa sahani zinapenda risasi zenye gramu 28 za marisau na kuendelea. Gramu 24 zinaendesha nyingine vizuri na nyingine zinazigomea, hasa zile zilizoundwa kwa risasi nzito. Risasi zilizotengenezwa ziwe na mlio wa chini na teke dogo (msukumo wa bunduki kurudi nyuma) hazitoi gesi ya kutosha kwa bunduki nyingi za namna hii, na hilo si kosa la bunduki.

Shotigani ya Remington 1100, iliyoingia sokoni mwaka 1963, haina njia ya kujirekebisha yenyewe kati ya risasi nyepesi na nzito. Matundu yake yamepimwa kwa aina fulani ya risasi. Ndugu yake, 11-87 ya mwaka 1987, iliwekewa valvu ya kutoa gesi inayozidi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu, jua unayo ipi. Na kama yako inaendeshwa kwa teke badala ya gesi, kama zilivyo Benelli nyingi, hatua ya nne haikuhusu.

Angalia kitako cha risasi pia. Shaba nyeupe au ya njano inatanuka na kurudi. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ambacho utakikuta kwenye risasi za bei nafuu, hakirudi vizuri hivyo, na katika chemba chafu kinang'ang'ania. Jaribu kwa sumaku. Ukitaka kujua kama tatizo ni risasi, azima kwa mwenzako aliye na cheti risasi tano za gramu 32 za urefu unaolingana na chemba yako, mkiwa hapo hapo uwanjani. Zikienda zote, umepata jibu. Risasi ya milimita 76 usiitie kamwe katika chemba ya milimita 70, hata kama inaingia.

Hatua ya 4: Njia ya gesi

Fungua kofia ya mbele, toa mbao iliyo chini ya mtutu, toa mtutu, kisha toa pistoni na vipete vyake. Vipange mezani kwa mfuatano na uvipige picha kwa simu, maana kipete kikirudi kichwa chini bunduki inakuwa ya risasi moja moja. Kwa dada yule, kipete kimoja kilikuwa kimegeuzwa hivyo hivyo, na pistoni ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri ya jikoni la kuni.

Kama bunduki yako ina oringi ya mpira, kama 1100, itoe kabla ya kutumia kiyeyusho. Mafuta yanaufanya mpira uvimbe. Ikunje kidogo kati ya vidole: ukiona nyufa, imekufa. Oringi iliyopasuka inavujisha gesi, na ni kitu cha bei ndogo sana kukuharibia siku nzima. Weka mbili za akiba kwenye mkoba, za kipimo cha bunduki yako, si za bomba la maji.

Pistoni na vipete vya chuma viloweke kwenye kiyeyusho cha masizi. Mafuta ya taa yanafaa kama huna kingine, ila fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko. Baada ya saa moja sugua kwa brashi ya shaba. Bisibisi usikwanguzie, mkwaruzo mmoja ni nyumba mpya ya masizi. Ndani ya silinda iliyo chini ya mtutu kunahitaji subira zaidi, kwa sababu masizi ya hapo yanakuwa magumu kama lami.

Sasa matundu. Tumia kijiti cha kusafishia kiko au waya laini wa shaba, kwa mkono, ukizungusha taratibu. Lengo ni kutoa masizi hadi uone ukingo wa tundu ukiwa mviringo na safi. Niliwahi kuletewa bunduki ambayo fundi mmoja alikuwa amepanua matundu yake. Kwa miezi michache ilikwenda kwa kasi ya ajabu, kisha mkono wa chuma ukapasuka kwa kugongwa. Tundu likishapanuliwa halirudi, na mtutu mpya ni gharama nyingine pamoja na makaratasi yake.

Hatua ya 5: Chemba na ukucha

Brashi ya chemba, tone la kiyeyusho, zungusha mara ishirini, futa. Plastiki ya maganda inayeyuka na kujipaka humo kidogo kidogo. Kisha safisha chini ya ukucha kwa kijiti cha meno, na uubonyeze uone kama unarudi kwa nguvu.

Hatua ya 6: Springi iliyofichwa

Katika bunduki kadhaa, 1100 ikiwemo, springi ya kurudisha bolti imo ndani ya kitako cha mbao. Hakuna anayeiona, kwa hiyo hakuna anayeisafisha. Oili inateremka humo mwaka hadi mwaka, inachanganyika na vumbi, inageuka gundi. Vuta bolti taratibu kwa mkono kisha uisindikize mbele. Ukihisi inakwaruza au inasita, springi inaomba kusafishwa. Imebanwa kwa nguvu na inaweza kumrukia mtu jichoni, hivyo mara ya kwanza mwachie fundi aliyesajiliwa, umwombe ailinganishe urefu na mpya.

Hatua ya 7: Oili kidogo

Tone moja kwenye kila reli ya bolti. Bomba la magazini lipake utando mwembamba, kisha ulifute kana kwamba ulikosea kulipaka. Grisi nzito iweke mbali na pistoni. Vumbi letu likikutana na grisi linakuwa msasa. Ukimaliza, isimamishe kwenye kabati la chuma mdomo ukiwa chini, ili oili isiteremkie kitakoni.

Hatua ya 8: Jaribio uwanjani

Risasi moja tu chemba, magazini tupu. Fyatua. Katika bunduki nyingi za gesi bolti inapaswa kubaki nyuma. Isipobaki, gesi bado haitoshi, rudi hatua ya tatu na ya nne. Ikibaki mara tano mfululizo, weka mbili, halafu kikasha kizima cha 25. Andika kwenye daftari tarehe, aina ya risasi na idadi ya vikasha. Baada ya miezi michache utajua bunduki yako inataka kusafishwa baada ya vikasha vingapi, na hutasubiri ikwame.

Ya dada yule ilirudi kwenye mstari saa tisa alasiri. Alimaliza vikasha viwili, na maganda hamsini yote yakaangukia kulia kwake, hatua mbili hivi kutoka kwenye kiatu.