Jinsi ya kuandika wasifu wa marehemu kijana aliyeugua selimundu

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani Tanzania una mpangilio uliozoeleka: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, watoto, kuugua na kufariki. Mpangilio huo unamfaa mtu mzima. Kijana wa miaka 16 aliyeugua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hana ajira wala ndoa, na familia huzijaza nafasi hizo kwa habari za kulazwa, rufaa na kuongezewa damu, hata waombolezaji wakaondoka wakiujua ugonjwa kuliko walivyomjua mtoto. Aliyekabidhiwa kalamu ana wajibu wa kulizuia hilo.

Kabla ya kuandika, kusanya. Usiwategemee wazazi peke yao, kwa maana mama aliyeuguza kwa miaka mingi mara nyingi hukumbuka kwanza yale ya wodini. Waulize wadogo zake, aliyekaa naye dawati moja, mwalimu wa darasa, kiongozi wa kwaya au ustadhi wa madrasa. Waulize alipenda kumtania nani, alibishania timu gani, na siku alizoamka bila maumivu alizitumia vipi. Ukijibiwa kwamba alikuwa mpole na mwenye upendo, pokea kwa heshima kisha uombe mfano, kwa sababu sifa hizo husomwa katika kila msiba, lakini jinsi alivyomfundisha mdogo wake hesabu akiwa amelala kitandani ni jambo lake mwenyewe. Madaftari yake yafungue kwa ruhusa ya wazazi. Ujumbe wake wa faragha kwenye simu uache.

Ugonjwa wenyewe utaje kwa jina, iwapo wazazi wameridhia. Maneno ya kawaida, "baada ya kuugua kwa muda mrefu", huacha mwanya wa minong'ono ya kurogwa na wa ukoo mmoja kuulaumu mwingine. Mtoto huzaliwa na selimundu aina ya SS, iliyo kali na ya kawaida zaidi kwetu, anaporithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji tu, wasioumwa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Kibali ni lazima, kwani maelezo hayo yanahusu damu yao na ya watoto waliobaki. Aya moja inatosha, nayo itumike kumtetea marehemu: chembe nyekundu za damu zikipinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, hivyo kijana aliyekosa vipindi au kuogopa maji ya baridi hakuwa mvivu wala mdekaji, ingawa huenda wapo waliomwita hivyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuwafikiria ndugu wanaoishi na ugonjwa uleule, ambao watakuwa wameketi mbele wakisikiliza. Mtoto wa miaka 10 mwenye selimundu akisikia kwamba kaka yake "amepumzika na mateso", atajiuliza yeye anaishi nini. Andika kwamba alikunywa dawa zake, alihudhuria kliniki, na kati ya vipindi vya maumivu alisoma, alicheza, alipenda na alipendwa. Hayo ni kweli, na yanamwachia mdogo huyo njia ya kuishi.

Washukuru wauguzi na wote waliochangia damu. Picha ichaguliwe ya siku aliyokuwa mzima, kamwe isiwe ya kitandani hospitalini. Msomaji awe mjomba, binamu au rafiki mwenye sauti thabiti, na asizidishe dakika tano. Kwa Waislamu, ambao huzika mapema, maelezo haya hupata nafasi nzuri zaidi wakati wa hitima au arobaini.

Kwa kumbukumbu ya mwaka, familia inaweza kuchagua tarehe 19 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2008 kwa ajili ya ugonjwa huu, na kuwaalika ndugu kuchangia damu katika kituo cha damu salama. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Wanafunzi wenzake ambao hawajafikisha umri huo wapewe nakala ya wasifu, na waombwe kuongeza kwa mkono wao yale ambayo familia haikuyajua.